Gharama za Kumhudumia Baba Mkubwa

Zuwena alipenda hesabu tangu utotoni, lakini asubuhi ile ya Jumatano alizichukia kama mtu anavyomchukia shoga aliyemsengenya. Alikaa ofisini kwake, nyuma ya ghala la Bwana Maftaha pale Kilwa Masoko, mikono mapajani, macho kwenye kompyuta. Jina la mwisho kabisa kwenye orodha lilikuwa la Mzee Shaaban wa Kiranjeranje. Alifunga kompyuta, akaifungua tena, akapiga hesabu upya kuanzia mwanzo. Jina likarudi chini pale pale.

Mzee Shaaban hakuwa mteja tu. Alikuwa baba yake mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, na ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha. Bila mkono wa mzee huyo hakuna ndoa, na Zuwena alikuwa na mtu ambaye alitamani kuolewa naye mpaka usingizi ulikuwa unamkimbia.

Mtu mwenyewe aliingia muda huo huo, kofia ya pikipiki kwapani, vumbi kwenye nyusi. Huyo ndiye Erasmo, afisa masoko, kijana wa Mtama, mrefu, mtaratibu, mwenye tabasamu ambalo wenye maduka wa barabara nzima ya Lindi walishindwa kulikatalia. Zuwena naye alishindwa, tena mapema kuliko wao.

"Bosi kasema leo tukae meza moja," Erasmo alisema huku akivuta kiti. "Sijawahi kuamrishwa kitu kitamu namna hii."

Zuwena hakucheka. Erasmo alimtazama usoni, tabasamu likamwisha kidogo kidogo.

"Nini tena?"

"Kaa kwanza," alisema Zuwena.

Bwana Maftaha aliuza kwa jumla sabuni, unga, sukari na mafuta ya kula. Alikuwa na Fuso moja, na Fuso lenyewe lilikuwa limechoka kama punda wa chokaa. Wiki ile alikuwa ametoa agizo: anataka kujua thamani ya kila mteja. Mhasibu alete gharama, afisa masoko alete anachojua kuhusu mteja, wakubaliane, waweke saini zao mbili kwenye karatasi moja. Watakaoangukia chini kabisa, gari halitakwenda kwao tena. Wakitaka mzigo, waufuate wenyewe Masoko.

Kwa watu wa mbali maana yake ilikuwa kufa kwa duka. Nani akodi gari kutoka Kiranjeranje kufuata katoni za sabuni?

"Nani wa chini?" Erasmo aliuliza.

Zuwena aligeuza kompyuta upande wake. Erasmo alisoma mpaka chini. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyeona kosa dogo la kurekebishwa.

"Umempima vibaya mzee. Wewe umechukua Januari mpaka Aprili. Mteja wa ufuta unampima masika? Watu wa kule sasa hivi wanakula akiba, hawana kitu. Subiri mnada wa ufuta upite uone kama duka lile halitafagiwa mpaka viberiti."

"Nimeweka mwaka mzima, Erasmo. Ufuta nimeuweka."

"Basi weka na wanaomfuata. Wale mama lishe wa stendi, yule wa Kikole, wote wamekuja kwetu kwa sababu ya Mzee Shaaban. Aliwaambia sukari yetu haina unyevu. Hiyo siyo thamani? Mteja hapimwi kwa anachonunua leo tu. Atakaa na wewe miaka mingapi, atakuletea nani, hayo ndiyo mambo yangu mimi."

"Nimewaweka. Nusu ya faida yao nimempa yeye."

"Sasa anaangukaje?"

Zuwena alitazama kofia ya pikipiki iliyowekwa mezani, akaitazama mpaka Erasmo naye akaitazama.

Hapo ndipo Erasmo alipoelewa. Zuwena aliuona uelewa unavyomwingia, mabega yakishuka, na moyo wake ukamuuma kwa huruma na kwa hasira pamoja.

Mambo yalianza mwaka uliopita. Erasmo, Mkatoliki, mtoto wa mama Restuta anayeimba kwaya, alikuwa amekwenda Kiranjeranje na mshenga kuposa. Alisema waziwazi kwamba yuko tayari kusilimu. Alidhani neno hilo litafungua mlango. Mzee Shaaban alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chakula, kisha akasema, "Mimi sikukatai kwa kabila lako wala kwa kanisa la mama yako. Nakukataa kwa haraka yako. Anayebadili dini Jumamosi ili aoe Jumapili, Jumatatu anaweza kubadili tena. Sitaki ahadi, kijana. Nataka nikujue. Njoo ukae."

Basi Erasmo akaenda kukaa. Kila Alhamisi, Fuso likitangulia na mzigo, yeye alilifuata nyuma kwa pikipiki ya kampuni mpaka Kiranjeranje. Kuangalia rafu na kuchukua oda kulimalizika kabla chai haijapoa. Baada ya hapo alibaki barazani kwa Mzee Shaaban mpaka alasiri, akiuliza, akijibiwa, akifundishwa kutia udhu, akisikiliza habari za ukoo, akishinda na njaa Ramadhani nzima bila kulazimishwa na mtu. Zuwena alijua yote. Ndiye aliyekuwa akimfungia kashata na bagia za kumpelekea mzee.

Na kanuni ya safari ilikuwa yake mwenyewe. Zamani mafuta ya pikipiki na posho vilikuwa vinatupwa kwenye fungu moja, hakuna anayejua nani kagharimu nini. Zuwena alipotoka chuoni na moto wake alisema hapana, kila safari iandikwe jina la mteja aliyeisababisha. Bwana Maftaha alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, akamnunulia feni ya ofisini. Feni hiyo ndiyo ilikuwa inamzungukia kichwani sasa hivi.

"Andika jina la baba mkubwa," alikuwa akimwambia Erasmo kila Alhamisi, akimpa mfuko wa bagia, wakicheka wote wawili. "Kanuni ni kanuni, bwana masoko."

Naye Erasmo aliandika. Duka dogo la kijijini likawa linatembelewa kuliko maduka yote ya Lindi mjini.

"Nikiziondoa safari zako," Zuwena alisema sasa, "baba mkubwa anapanda mpaka katikati. Anakuwa salama kabisa. Nikiziacha, hata ufuta haumwokoi."

"Basi ziondoe."

"Niziweke wapi?"

Nje, wapakiaji walikuwa wanarusha mifuko ya unga na kutaniana kwa Kimakonde, na Erasmo, ambaye siku zote lazima awajibu utani wao kupitia dirishani, hakugeuza hata shingo.

"Andika ni zangu," alisema hatimaye. "Safari binafsi. Nitalipa kidogo kidogo."

"Tomaso, mwenzako wa masoko, alikwenda shambani kwake na pikipiki hii hii. Umesahau alivyotoka hapa? Hakuruhusiwa hata kuingia kuchukua kandambili zake."

"Nitatafuta kazi nyingine."

"Kazi utapata. Lakini baba ataambiwa nini? Kijana anayemposa binti yako kafukuzwa kwa kula mafuta ya kampuni, na jina alilolitumia ni lako wewe mzee." Zuwena alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Unamjua baba. Njaa anaivumilia. Aibu haiwezi."

Erasmo aliinama, viwiko magotini. Zuwena alitamani amshike kichwa chake, akiweke kifuani, lakini mlango ulikuwa wazi na Masoko ni mji wa macho mengi. Alichofanya ni kusogeza mguu wake chini ya meza mpaka kiatu chake kikagusa kiatu cha Erasmo.

"Tukimwacha akatwe je?" Erasmo aliuliza chini kwa chini.

"Tukimwacha akatwe, saini zitakuwa mbili. Yako na yangu. Wewe uliyekula kwake kila Alhamisi, na mimi niliyelelewa kwake baba yangu alipofariki. Atakupa mimi baada ya hapo?"

"Hatanipa."

"Hatakupa."

Kulikuwa na njia ya tatu, na Zuwena alikuwa ameizunguka tangu alfajiri kama kuku anavyozunguka mtama ulioanikwa. Angeweza kuzitawanya zile safari. Kidogo Nangurukuru, kidogo Mchinga, kidogo Lindi mjini, nani angejua? Aliweka kidole kwenye kibodi. Akaandika jina la duka jingine kwenye safari ya kwanza.

Erasmo alinyoosha mkono akamshika kidole, taratibu, akakiondoa.

"Usifanye hivyo."

"Niachie, Erasmo."

"Mzee alinifundisha nini siku zote hizi? Alhamisi iliyopita tu ameniambia, kinachomfanya anikubali hatimaye hakitakuwa kusali kwangu, kwa sababu hata mwizi anasali. Ni kama naweza kusema kweli inaponiuma. Sasa wewe unataka nimpate binti yake kwa hesabu ya kughushi? Halafu mwenye duka jingine akatwe kwa safari ambayo sikwenda kwake?"

"Mimi sitaki kukukosa." Zuwena alisema bila kujali mlango tena. "Sikia maneno yangu vizuri. Sitaki. Mengine yote sijui."

Erasmo alikuwa na maneno kwa kila mteja wa mkoa ule. Kwa huyu alikosa. Alimtazama kwa macho yale ya siku ya kwanza, siku aliyoleta risiti iliyolowa mvua na kukemewa mpaka akaomba radhi kwa Kiswahili cha msikitini alichokisikia njiani, akidhani ndiyo adabu ya wanawake wa Kilwa. Zuwena alimpenda tangu pale.

"Twende tukamwombe bosi," Erasmo alisema.

Bwana Maftaha alikuwa ofisini kwake anakula muhogo wa kuchemsha kwa chai ya rangi. Hakuwa mtu mbaya, na afadhali angekuwa mbaya, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumua. Aliwakaribisha muhogo. Wakashukuru, hawakula, Zuwena akaweka karatasi ya orodha mezani.

Erasmo alizungumza vizuri mno. Alieleza kwamba mhasibu anaona barabara iliyokwisha kupitwa, na mtu wa masoko anatazama iliyo mbele, na bosi anahitaji macho yote mawili. Alimweleza habari za ufuta, za mama lishe, za mzee ambaye neno lake moja pale Kiranjeranje lina uzito kuliko tangazo la redio. Ukimkata huyu, alisema, hukati duka moja.

Bwana Maftaha alitikisa kichwa kwa kuafiki kila neno, kisha akamgeukia Zuwena.

"Mwanangu, hayo anayosema mwenzio umeyaweka humo ndani?"

"Nimeyaweka."

"Na bado mzee yuko chini?"

"Bado."

"Kwa sababu ya nini hasa?"

Zuwena alihisi joto la bega la Erasmo karibu na bega lake. Alijua Erasmo amefungua mdomo. Alijua anataka kusema, ni mimi, bosi, nilikuwa nakwenda kuposa. Akamtangulia.

"Gharama za kumhudumia ni kubwa."

"Hesabu ni ya kweli au si ya kweli?"

Pikipiki ilikwenda kweli. Mafuta yaliungua kweli. Hakuna hata namba moja aliyoweza kuigusa akasema hii ni ya uongo.

"Ni ya kweli," alisema.

"Bosi, kuna jambo," Erasmo alianza.

"Ngoja kwanza." Bwana Maftaha aliinua kiganja. Sauti yake ilikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyowamaliza. "Najua ni baba yake mkubwa. Mlipoanza tu kusema nilitaka kumtoa mwenyewe kwenye orodha ya kukatwa, nikasema huyu binti nimtunzie uso. Kisha nikafikiri, nikimtoa yeye, yule wa Kikole anayekatwa naye ataniuliza kwa nini hakutolewa yeye. Bi Zuwena ameniletea hesabu ambayo haikumpendelea hata aliyemlea. Nitapata wapi tena mhasibu wa namna hii? Nitawaambia wapakiaji, mtazameni huyo mtoto wa kike." Alisukuma karatasi mezani. "Tieni saini. Gari kesho linaishia Nangurukuru, Kiranjeranje halifiki. Barua nitamwandikia mzee mwenyewe, kwa heshima zote."

Zuwena alimtazama Erasmo. Erasmo alikuwa na jambo lake bado mdomoni, na Zuwena alimwomba kwa macho alimeze. Alimwomba kwa ajili ya mama Restuta anayesubiri pesa ya dawa kila mwisho wa mwezi, kwa ajili ya jina la Mzee Shaaban lisitajwe na mafuta ya wizi, na, tuseme ukweli, kwa ajili yake mwenyewe, ambaye hakuweza kuvumilia kumwona kijana yule akitolewa mlangoni kama Tomaso. Hakujua kama alikuwa anamwokoa au anamzika.

Alitia saini. Kalamu ilipita kwenye karatasi bila shida yoyote. Akampa Erasmo. Erasmo aliishika muda mrefu, akaandika jina lake dogo dogo, tofauti na anavyoliandika siku zote, kisha akatoka bila kuaga.

Zuwena alimkuta uani, amesimama kando ya Fuso, mkono juu ya tairi.

"Nilikuwa nasema," Erasmo alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Umenizuia."

"Najua, Erasmo."

"Sasa mimi ni nani? Mzee akiniuliza, niseme nilinyamaza kwa sababu mpenzi wangu kanikonyeza?"

Zuwena alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya jasho na vumbi la barabara, na alijiona kama mtu aliyebeba maji kwa viganja, kila anavyobana yanazidi kumwagika. Alikuwa na digrii ya hesabu, alikuwa na feni, alikuwa na sifa mbele ya wapakiaji. Hakuwa na neno moja la kumsaidia mtu huyu.

Simu iliita mfukoni mwa baibui lake. Jina la Mzee Shaaban lilikuwa kwenye kioo. Barua ilikuwa haijaandikwa hata salamu. Haiwezekani awe ameshajua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama yako hajambo?" Sauti ya Mzee Shaaban ilikuwa na uchangamfu ambao Zuwena hakuusikia tangu msiba wa baba yake. "Uko na huyo bwana wako karibu?"

"Yupo, baba."

"Usimpe simu. Nataka nikwambie wewe kwanza. Nimemtazama kijana huyu mwaka mzima. Nimemtia njaa, nimemtia jua, nimemwambia maneno ya kumkera kusudi, anarudi tu. Juzi nimekaa na wadogo zangu, tumekubaliana. Mwambie kesho aje na wazee wake."

Zuwena aliegemea Fuso.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Mama yake, maadamu yuko hapo Masoko wiki hii kwa mwanawe, asihangaike na mabasi. Kesho mumpandishe lile gari letu la Alhamisi, akae mbele na dereva, kiti kizuri. Hilo gari halijawahi kuniangusha. Na mwambie Bwana Maftaha wiki hii mzigo wangu ni mkubwa. Mchele, mafuta, sukari, kila kitu. Sijawahi kuagiza mzigo kama huu tangu nifungue duka. Nitakutajia, andika."

Alianza kutaja. Magunia, madumu, katoni, tena kwa furaha, akijirekebisha na kuongeza. Zuwena aliitikia kila kitu, ndiyo baba, nimesikia baba, naam baba, na machozi yalimteremka mpaka kidevuni bila sauti yake kubadilika, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, mzee akiwa na furaha hukatizwi kwa kilio chako. Mara mbili alifungua mdomo amwambie. Mara mbili mzee alikumbuka kitu kingine cha kuongeza.

"Haya, mwanangu. Mungu awaweke. Nawasubiri kesho."

Simu ikakatika. Erasmo alikuwa amegeuka, anamtazama, uso umemjaa hofu.

"Mzee anasemaje? Kashajua?"

"Hapana," alisema Zuwena. "Anaagiza mzigo."

Erasmo, kwa mazoea ya kazi yake, alishatoa kalamu mfukoni.

"Wa kiasi gani?"

Zuwena alimtazama mkono ule ulioshika kalamu, tayari kuandika.

"Wa kulisha watu wa kwenu na wa kwetu," alisema. "Na anataka gari lifike mapema."